Gari lile lile, bahasha mbili

Kwa mama ntilie mmoja pembeni ya stendi kuu ya Mbeya huwa nakutana na madereva wawili wa basi la Dar es Salaam, siku gari lao likilala huku. Wanaendesha basi moja. Mkubwa ndiye analitoa Mbeya alfajiri, anapita nalo Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga mpaka Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa. Hapo mdogo anapokea usukani, analishusha mteremko mkali wa Kitonga, anakata Ruaha Mbuyuni, Mikumi na Morogoro hadi Dar. Kanuni zinataka hivyo: safari inayozidi saa nane iwe na madereva wawili, na hii yao inapita kilomita 800.

Mwezi uliopita niliwakuta wamenuniana. Dogo alikuwa amegundua kwamba posho ya mwenzake ya kila tripu imepandishwa, yake imeachwa palepale. "Kitonga nashusha mimi, mwandishi," aliniambia kwa sauti ya kusikika meza ya pili. "Yeye anatembea tambarare ya Usangu huku anatafuna mahindi ya kuchoma." Mkubwa alimaliza kwanza supu yake, akajifuta mdomo, ndipo akasema: "Dogo, mimi kuna tajiri mwingine alinipigia simu. Wewe kakupigia nani?"

Nimesoma chambuzi nyingi za mishahara ya madereva wa langalanga, hizi mbio za Formula 1, na sikumbuki hata moja iliyofika kwenye kiini haraka kama swali hilo.

Sisi tunaofuatilia langalanga kwenye simu na vibanda umiza tuna hesabu yetu rahisi: anayelipwa zaidi ndiye mwenye kasi zaidi. Na ukiitazama juu juu, hesabu hiyo ingepaswa kufanya kazi vizuri zaidi ndani ya timu moja kuliko mahali pengine popote. Dereva wa Ferrari akimpita wa Williams, huwezi kujua kama ni mguu wake au ni injini. Lakini kila timu ina magari mawili yaliyotoka karakana moja, kwa mafundi wale wale. Mwenzako akikuacha, huna pa kujificha. Ndiyo maana madereva wenyewe husema mtu wa kwanza wa kumshinda ni dereva mwenza. Basi tungetegemea bahasha za wawili hao ziachane kwa kiasi kile kile wanachoachana barabarani.

Haziachani hivyo. Mikataba ya mchezo huu ni siri, kwa hiyo ninachotumia hapa ni makadirio ya jarida la Forbes la Marekani, ambalo kila msimu ukiisha hutoa orodha ya madereva kumi wanaolipwa zaidi. Mwaka 2023 lilimkadiria Max Verstappen wa Red Bull kuwa amepata dola milioni 70: mshahara milioni 45, bonasi milioni 25. Mwenzake, Sergio Pérez, alipata milioni 26: mshahara milioni 10, bonasi milioni 16. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, mshahara wa Verstappen peke yake unapita bilioni 110. Usihangaike kuwazia fedha hizo zinavyofanana, hata mimi nimeshindwa. Angalia uwiano tu. Kwenye mshahara wa msingi Verstappen ni mara nne na nusu ya mwenzake. Kwenye bonasi hafiki hata mara mbili. Na kwenye pointi za msimu, ambako Verstappen alimaliza na 575 na Pérez 285, ni mara mbili na kidogo.

Sasa hamia McLaren mwaka 2024. Lando Norris: mshahara milioni 12, bonasi milioni 23. Oscar Piastri: mshahara milioni 5, bonasi milioni 17. Kwenye mshahara, Norris ni mara mbili na zaidi ya mwenzake. Kwenye bonasi, anamzidi kwa kama theluthi moja. Kwenye pointi walimaliza 374 kwa 292, yaani Norris alimzidi kwa zaidi kidogo ya robo.

Umeona kinachojirudia? Bonasi inatembea karibu na pointi. Mshahara wa msingi una safari yake nyingine kabisa. Bonasi inalipwa baada ya kazi, kwa kipimo ambacho kila mtu amekiona Jumapili kwenye televisheni. Mshahara wa msingi unaandikwa kabla gari halijawashwa, na siku unapoandikwa swali lililo mezani halihusu kasi. Swali ni: huyu akinyanyuka kwenye kiti hiki leo, nani yuko mlangoni anamsubiri? Piastri alisaini akiwa kijana ambaye hajaendesha hata mbio moja ya langalanga. Norris alishakuwa na jina, na majirani walishaanza kuchungulia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa zamani, wa 1984. McLaren walikuwa na Niki Lauda, bingwa wa dunia mara mbili aliyerudi mchezoni baada ya kustaafu, na mkataba wake ulikuwa mnono. Pembeni yake wakamweka Alain Prost. Prost huyo alikuwa ameukosa ubingwa wa 1983 kwa pointi mbili tu, na Renault wakaachana naye msimu ulipokwisha, wakati viti vingine karibu vyote vilikuwa vimeshajaa. Hakuwa na pa kwenda. McLaren wakampata kwa bei ya chee. Msimu ulipoanza, dereva wa bei ya chee akashinda mbio 7 na ghali akashinda 5. Lauda ndiye aliyetwaa ubingwa, kwa nusu pointi: 72 kwa 71.5. Hiyo nusu yenyewe ilitoka Monaco, ambako mvua ilisimamisha mbio Prost akiwa anaongoza na washindi wakapewa pointi nusu. Badala ya 9 akapata 4.5. Wapo wanaosema kama mbio zingeendelea na Prost akashika hata nafasi ya pili, angepata 6 na ubingwa ungekuwa wake. Nitajie mizani ya mshahara ambayo ingepima tofauti ya watu wale wawili.

Au 2007, timu hiyo hiyo. Fernando Alonso, bingwa mara mbili, ambaye mshahara wake ulikuwa mara kadhaa ya ule wa mwenzake. Mwenzake ni Lewis Hamilton, kijana wa miaka 22, msimu wa kwanza. Walimaliza na pointi 109 kila mmoja, na Kimi Räikkönen wa Ferrari akawapita wote kwa pointi moja. Mwaka mzima wawili hao walibanana mpaka wakafika kuzuiliana kwenye eneo la kubadilishia tairi kule Hungary. Alonso akaondoka msimu ulipokwisha.

Kama bei ya dereva ni uwezo wake wa kuondoka, basi aliye na mamlaka ya kumzuia asiondoke ndiye anayepanga bei. Hilo madereva waliligundua mapema, na waligundua wakiwa Afrika. Januari 1982, kule Kyalami, Afrika Kusini, waliletewa leseni mpya yenye kipengele cha kumfunga dereva kwenye timu yake. Lauda alikisoma akakikataa. Yeye na Didier Pironi wakaandaa basi. Ndiyo, basi, la abiria. Wakawapakia madereva wenzao, wakaondoka uwanjani hadi hoteli moja mjini Johannesburg, wakalala chumba kimoja, mabingwa wa dunia na wageni wa mchezo pamoja, huku Gilles Villeneuve na Elio de Angelis wakipokezana piano. Kesho yake walifikia maelewano na mbio zikafanyika. Niliposimulia kisa hiki kwa mama ntilie, yule dereva mkubwa alitaka kujua jambo moja tu: hilo basi aliliendesha nani?

Nasikia hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Mashabiki wa Verstappen watasema mwaka 2023 yule bwana alistahili kila senti, na takwimu ziko upande wao. Pointi zake 575 peke yake zilizidi za timu nzima iliyoshika nafasi ya pili, Mercedes, waliokusanya 409 kwa magari mawili. Maana yake Red Bull wangeweza kumwacha Pérez nyumbani mwaka mzima na bado wangekuwa mabingwa wa timu. Kwa msimu ule, kumpa mmoja milioni 45 na mwingine 10 kulikuwa sawa kabisa kwa mwenye fedha. Sina ubishi.

Ubishi wangu unaanza mwaka uliofuata, na hapa naomba tukae kidogo.

Langalanga ina ubingwa wa aina mbili. Ule wa dereva ndio tunaoushangilia, wenye kombe na picha. Wa pili ni wa timu, na ndio unaogawa fedha: mgao wa kila timu kutoka kwa waandaaji hutegemea nafasi yake, na nafasi hiyo hupatikana kwa kujumlisha pointi za magari yote mawili. Kwenye jumla hiyo pointi ya dereva namba mbili ina uzito ule ule wa pointi ya namba moja. Nafasi ya nne ni pointi 12, awe ameileta mfalme au mtumishi.

Mwaka 2024 Verstappen alikuwa bingwa tena, kwa pointi 437. Pérez alipata 152. Jumla 589. McLaren wakamaliza na 666, Ferrari 652, na Red Bull, timu ya bingwa wa dunia, wakaangukia nafasi ya tatu. Sasa piga hesabu ya dukani. Ili kuwapita McLaren, Red Bull walihitaji pointi 230 kutoka gari la pili. Pérez huyo huyo mwaka uliotangulia alipata 285. (Najua, pointi alizokosa yeye zilichukuliwa na wengine, kwa hiyo hesabu halisi ingekuwa nyepesi zaidi kwake, naiacha ngumu makusudi.) Forbes walimkadiria Verstappen mwaka huo dola milioni 75, na Pérez milioni 19.5. Kule McLaren, Norris na Piastri kwa pamoja walikadiriwa milioni 57. Yaani wenye jozi ya bei ndogo walichukua ubingwa wa timu mbele ya wenye jozi ya karibu milioni 95.

Usinielewe vibaya. Sisemi Pérez angeongezewa mshahara angekimbia zaidi. Mguu hauongezeki uzito kwa sababu ya hundi. Ninachosema ni kwamba tofauti ile kubwa ya mshahara haibaki kwenye karatasi ya mhasibu. Inashuka mpaka karakana. Ukishamlipa mtu mmoja kiasi kile, gari linaanza kufuata mkono wake. Verstappen anapenda gari linalouma mbele, linaloingia konani mara usukani unapoguswa, hata kama nyuma kunateleza. Mafundi wakilisukuma gari upande huo mwaka baada ya mwaka, wa pili anajikuta anaendesha nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwenzake. Pierre Gasly alikaa kile kiti, akatolewa. Alexander Albon akakaa, akatolewa. Kisha Pérez. Gasly na Albon walipohamia timu nyingine waliendesha vizuri tu. Kwa hiyo tunapochukua pointi za wawili hao na kusema "unaona, ndiyo maana analipwa vile", tunasahau kuuliza kama pointi ndizo zilizoleta mshahara, au mshahara ndio ulioleta pointi.

Basi kwa nini timu tajiri hainunui wawili wa juu? Fedha haizuiwi na sheria. Tangu 2021 kuna kikomo cha matumizi ya timu, kilichoanza na dola milioni 145 kwa mwaka, lakini mishahara ya madereva haihesabiwi ndani yake. Kinachozuia ni hofu. Mercedes wanaikumbuka Hispania 2016, Hamilton na Nico Rosberg walipogongana mzunguko wa kwanza tu, magari yote mawili kwenye kokoto. Mwenye timu akitazama mabaki yale anaona heri nyota mmoja na msaidizi mmoja mtulivu. Mshahara mdogo wa msaidizi, kwa hiyo, una sehemu ambayo ni bei ya utulivu wake.

Na utulivu huo unamgharimu tena msaidizi upande wa pili. Austria 2002, Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza mbio kisha akaamriwa kumpisha mwenzake, Michael Schumacher, mita za mwisho kabla ya mstari. Enzi hizo mshindi alipata pointi 10 na wa pili 6. Monza 2025, McLaren walimwomba Piastri amrudishie Norris nafasi ya pili kwa sababu mafundi walichelewa kubadilisha tairi za Norris, naye akatii. Pointi 18 za nafasi ya pili zikawa 15 za nafasi ya tatu. Watu walibishana wiki nzima kuhusu haki na ungwana. Mimi nilifikiria bonasi. Mtu ambaye sehemu kubwa ya kipato chake hutokana na matokeo, ukimwambia redioni "mpishe mwenzako", umeingiza mkono mfukoni mwake. Sijasikia timu ikitangaza kwamba pointi iliyotolewa kwa amri hulipwa kama pointi iliyopatikana. Ningekuwa wakala wa dereva namba mbili, hicho ndicho kipengele cha kwanza ningekidai, kabla hata ya mshahara.

Mtu asije akadhani nasifia mikataba ya bonasi tupu. Räikkönen alijiunga na Lotus mwaka 2012 kwa mshahara wa kiasi pamoja na malipo ya kila pointi, ambayo yaliripotiwa kuwa euro 50,000. Timu haikutegemea kwamba jamaa aliyekuwa amekaa nje miaka miwili angerudi na pointi 207. Piga hesabu: zaidi ya euro milioni 10. Mwenzake Romain Grosjean alimaliza na 96. Kufikia Novemba 2013 Räikkönen alisema hadharani kwamba mwaka ule hajalipwa hata euro moja, akazikosa mbio mbili za mwisho kwa ajili ya upasuaji wa mgongo, na akarudi Ferrari. Kulipwa kwa kazi ni kuzuri pale tu tajiri anapokuwa nazo. Madereva wa daladala za Uyole hadi Mbalizi, wanaopeleka hesabu kila jioni na kubaki na kinachozidi, hawahitaji kuelezwa hili mara mbili, isipokuwa wao ndio wanaobeba hasara.

Kuna timu moja ambayo inavuruga nadharia yangu, niitaje kwa haki. Aston Martin. Alonso, yule yule wa 2007, mwaka 2024 alikadiriwa dola milioni 27.5 kwa pointi 70, ambayo ni karibu dola 393,000 kwa kila pointi. Verstappen, pamoja na utajiri wake wote, alikuwa chini ya 172,000, na Piastri kama 75,000. Kiti cha pili kinakaliwa na Lance Stroll, aliyepata pointi 24, na mwenye timu ni baba yake. Hapo swali la simu ya tajiri mwingine halina kazi. Kwa mtoto wa tajiri, mazungumzo ya mshahara huenda hufanyika wakati wa chakula cha jioni.

Kwetu huku Nyanda za Juu, kijana anayeota kushindana kwa magari hana dereva mwenza wa kujilinganisha naye. Ana rali, na kwenye rali mwenzake ni msoma ramani aliyekaa kiti cha kushoto, na kwa kawaida wote wawili hawalipwi chochote: dereva ndiye anayelipia mchezo, kuanzia tairi mpaka mafuta. Labda ndiyo sababu mijadala yetu ya mishahara ya langalanga huwa na hasira kidogo isiyo na anwani.

Wiki iliyopita niliwakuta tena wale wawili. Wanaongea sasa. Dogo bado hajapigiwa simu na tajiri yeyote, lakini ameanza kupiga yeye. Nikamwambia habari za kiti cha Pérez: kwamba mwishoni mwa 2024 walimtoa, wakamweka Liam Lawson, na Lawson baada ya mbio mbili tu za 2025 akateremshwa, kiti akapewa Yuki Tsunoda.

"Mbili?" akaniuliza, kijiko kikiwa hewani. "Mwandishi, hata deiwaka wa Mwanjelwa anapewa wiki."